Sura ya Kumi: Kanieneo ya Vimiminika na Mashine ya Kugandamiza

Beringi iliyonasa

Msimu wa kahawa ufikapo, wakulima wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo huwa na kazi nyingi. Buni nyekundu zilizochumwa asubuhi hutakiwa kumenywa siku hiyohiyo. Zikilala na maganda yake huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hupoteza ubora wake na bei yake.

Siku moja katika msimu huo, wanafunzi wa darasa la tano walikwenda na mwalimu wao kutembelea karakana ndogo mjini Moshi. Walimkuta fundi ameweka mezani sehemu ya mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Beringi ya mashine hiyo ilikuwa imechakaa, nayo ilikuwa imenasa ndani ya nyumba yake ya chuma.

"Shikamoo, fundi," wanafunzi walisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwenye mashine hii ana magunia mawili ya buni yanayomngoja nyumbani. Lazima beringi hii itoke kabla ya adhuhuri."

"Kwa nini usiigonge kwa nyundo?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Nyumba hii ni ya chuma cha kusubu," fundi alijibu. "Chuma cha kusubu ni kigumu, lakini kikigongwa sana hupasuka. Kikipasuka, mwenye mashine atakuwa amepoteza beringi na mashine pia. Nitaigandamiza polepole."

Fundi aliiweka nyumba ya beringi juu ya meza ya fremu nene ya chuma. Kisha akaanza kupandisha na kushusha mpini kwa mkono mmoja. Hakutumia nguvu nyingi, wala hakutoa jasho. Baada ya muda mfupi ulisikika mlio mdogo, na beringi ikatoka.

Mashine aliyoitumia fundi ni mashine ya kugandamiza inayofanya kazi kwa mafuta. Mafundi wengi huiita presi. Mkono wa fundi haukuwa na nguvu kuliko mikono ya watu wengine. Je, kani kubwa iliyoitoa beringi ilitoka wapi? Katika sura hii tutajifunza jibu la swali hilo.

Kani na kanieneo

Ukisukuma au ukivuta kitu, unatumia kani. Kani hupimwa kwa nyutoni. Kitu chenye kilogramu 1 huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 10 hivi. Kwa hiyo mtoto mwenye kilogramu 30 huikanyaga ardhi kwa kani ya nyutoni 300.

Wakati wa masika, simama katika udongo laini kwa nyayo zote mbili. Kisha simama kwa kisigino kimoja tu. Utaona kwamba kisigino huzama zaidi. Uzito wako haukuongezeka. Kilichobadilika ni eneo lililobeba uzito huo.

Tuseme nyayo zako mbili zina eneo la sentimita za mraba 200. Kila sentimita ya mraba hubeba nyutoni 300 ÷ 200, yaani nyutoni 1.5. Kisigino kimoja kina eneo la sentimita za mraba 15 hivi. Ukisimama kwa kisigino hicho, kila sentimita ya mraba hubeba nyutoni 300 ÷ 15, yaani nyutoni 20.

Kani inayobebwa na kila sehemu moja ya eneo huitwa kanieneo.

Kanieneo = kani ÷ eneo

Ndiyo sababu kisu kilichonolewa hukata vizuri. Makali yake yana eneo dogo sana, kwa hiyo kanieneo huwa kubwa hata kama mkono umesukuma kidogo.

Jaribio la 1: Je, maji hubanwa?

Vifaa: bomba la sindano jipya lisilo na sindano, na maji safi.

Onyo: Usiokote kamwe bomba la sindano lililotupwa. Laweza kuwa na vijidudu vya magonjwa. Mwalimu atawapa mabomba mapya.

Njia:
1. Vuta pistoni ili bomba lijae hewa. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma pistoni.
2. Achilia pistoni. Angalia inakwenda wapi.
3. Sasa vuta maji mpaka bomba lijae. Geuza tundu juu, gonga bomba taratibu, na toa mapovu yote ya hewa.
4. Ziba tundu kwa kidole na usukume pistoni tena.

Umeona nini? Bomba lilipokuwa na hewa, pistoni iliingia ndani, na ulipoiachilia ilirudi. Bomba lilipojaa maji, pistoni haikuingia.

Tumejifunza kwamba hewa hubanwa kwa urahisi, lakini maji hayabanwi kwa nguvu za mkono. Mafuta nayo ni kama maji. Ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, hakina njia ya kujikunja. Hukisukuma kila kitu kinachokigusa.

Jaribio la 2: Maji husukuma upande gani?

Vifaa: mfuko wa plastiki, maji, na pini.

Njia:
1. Jaza maji katika mfuko na ufunge mdomo wake.
2. Toboa matundu madogo kwa pini: juu, chini na pembeni.
3. Ubane mfuko kwa mkono mmoja mahali pamoja.

Umeona nini? Maji hayakutoka upande mmoja tu, mbele ya mkono wako. Yalitoka katika matundu yote.

Mtu aliyeieleza vizuri tabia hii ni Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662. Alisema kwamba kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Jambo hili huitwa Kanuni ya Pascal.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, fundi Mwingereza aliyeitwa Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo kuunda mashine ya kugandamiza kwa maji. Alipata hataza ya mashine hiyo mwaka 1795.

Pistoni ndogo na pistoni kubwa

Chukua mabomba mawili, moja jembamba na moja pana. Yaunganishe kwa mrija uliojaa maji. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita ya mraba 1, na pistoni kubwa ina eneo la sentimita za mraba 20. Sukuma pistoni ndogo kwa kani ya nyutoni 20.

Kanieneo ndani ya maji ni 20 ÷ 1, yaani nyutoni 20 kwa kila sentimita ya mraba. Kanieneo hiyo huenea hadi kwenye pistoni kubwa bila kupungua. Pistoni kubwa ina sentimita za mraba 20, na kila moja husukumwa kwa nyutoni 20. Kwa hiyo pistoni kubwa husukumwa kwa kani ya nyutoni 20 × 20, yaani nyutoni 400. Kani hiyo yaweza kuinua mzigo wa kilogramu 40.

Je, tumepata kitu bure? Hapana. Ili pistoni kubwa ipande sentimita 1, maji yenye ujazo wa sentimita 20 za ujazo lazima yaingie chini yake. Maji hayo hutoka katika bomba jembamba, ambalo kila sentimita moja ya urefu wake hubeba sentimita 1 tu ya ujazo. Kwa hiyo lazima usukume pistoni ndogo kwa sentimita 20. Umepata kani mara 20, lakini umesafiri mwendo mara 20. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Mashine hii hufanya kazi kwa njia hiyo.

Jaribio la 3: Mashine ya kugandamiza ya darasa

Vifaa: bomba la sindano la mililita 5, bomba la sindano la mililita 20, mrija wa plastiki unaobana vizuri midomo ya mabomba, mbao, misumari, kamba, udongo wa mfinyanzi, rula na maji.

Njia:
1. Tafuta eneo la kila pistoni. Kwa rula, pima urefu kutoka alama ya 0 hadi alama ya mwisho ya bomba. Kisha gawanya ujazo kwa urefu. Kwa mfano, ikiwa mililita 5 zina urefu wa sentimita 4, eneo la pistoni ni 5 ÷ 4, yaani sentimita za mraba 1.25.
2. Tengeneza fremu ya mbao yenye nguzo mbili, ubao wa chini na ubao wa juu. Funga bomba kubwa katika ubao wa chini, pistoni yake ikitazama juu.
3. Jaza maji katika bomba dogo na katika mrija. Sukuma pistoni ya bomba kubwa mpaka mwisho. Unganisha mrija. Hakikisha hakuna povu hata moja.
4. Weka kibao kidogo juu ya pistoni kubwa. Weka donge la udongo juu ya kibao hicho. Juu ya udongo weka jani la mti.
5. Sukuma pistoni ndogo taratibu mpaka udongo ubanwe kwenye ubao wa juu.
6. Sasa mwenzako mmoja asukume pistoni ndogo, na mwingine ajaribu kuizuia pistoni kubwa kwa kidole gumba. Nani anashinda?
7. Rudia jaribio baada ya kuingiza hewa kidogo katika mrija. Andika tofauti uliyoiona.

Umeona nini? Mishipa ya jani imechapwa katika udongo. Aliyesukuma pistoni ndogo alishinda kwa urahisi. Hewa ilipoingia, pistoni ndogo ilisogea bila pistoni kubwa kusogea, kwa sababu hewa ilibanwa kwanza.

Jeki ya fundi

Ndani ya mashine ya fundi kuna jeki, kama ile inayoinua gari wakati wa kubadilisha gurudumu. Jeki ya mafuta ina sehemu hizi:

Mpini: ni nyenzo. Huongeza kani ya mkono kabla haijafika kwenye mafuta.
Pistoni ndogo: husukuma mafuta.
Tangi: huhifadhi mafuta ambayo hayajasukumwa.
Valvu mbili: ni milango ya mafuta. Kila moja hufunguka upande mmoja tu.
Pistoni kubwa: huinua mzigo.
Skrubu ya kuachia: ikifunguliwa, mafuta hurudi tangini na pistoni kubwa hushuka.

Fundi anapopandisha mpini, pistoni ndogo hupanda. Valvu ya kwanza hufunguka na mafuta hutoka tangini. Anaposhusha mpini, valvu ya kwanza hujifunga. Valvu ya pili hufunguka, na mafuta huingia chini ya pistoni kubwa. Mpini ukipanda tena, valvu ya pili hujifunga ili mafuta yasirudi. Hivyo pistoni kubwa hupanda hatua kwa hatua.

Tufanye hesabu. Tuseme fundi anasukuma mpini kwa nyutoni 100. Mpini huongeza kani hiyo mara 10, ikawa nyutoni 1,000. Pistoni ndogo ina sentimita ya mraba 1, na pistoni kubwa ina sentimita za mraba 20. Kani ya pistoni kubwa ni 1,000 × 20, yaani nyutoni 20,000. Huo ni uzito wa tani mbili! Katika mashine ya kweli kani hupungua kidogo kwa sababu ya msuguano.

Lakini kila mpini ushukapo sentimita 20, pistoni kubwa husogea milimita 1 tu. Ndiyo sababu fundi alipandisha na kushusha mpini mara nyingi.

Jinsi karakana ndogo inavyojenga presi

Presi ya karakana ndogo yaweza kujengwa kwa jeki na fremu. Fremu huwa na nguzo mbili za chuma kinene, boriti ya juu na meza ya chini. Meza hukaa juu ya pini nene, ili iweze kupandishwa au kushushwa kulingana na ukubwa wa kazi. Kati ya meza na boriti ya juu kuna boriti inayotembea. Jeki husimama wima juu ya boriti hiyo, na kichwa chake huelekea boriti ya juu. Springi mbili huishikilia boriti inayotembea isianguke.

Jeki ikipanda, hukutana na boriti ya juu isiyosogea. Basi boriti inayotembea husukumwa chini na kukigandamiza kitu kilicho mezani. Skrubu ikifunguliwa, springi huivuta boriti juu tena.

Kwa nini jeki haikupinduliwa? Jeki nyingi za namna hii zikipinduliwa, mlango wa kuvutia mafuta huvuta hewa. Nawe umeona katika Jaribio la 3 hewa inafanya nini.

Kwa nini fremu lazima iwe imara? Jeki ikisukuma chini kwa nyutoni 20,000, husukuma juu pia kwa nyutoni 20,000. Kani hizo mbili hujaribu kuirarua fremu. Fremu dhaifu hupinda, na mahali palipochomelewa vibaya hupasuka ghafla. Kwa hiyo fundi mwenye busara hujenga fremu yenye uwezo mkubwa kuliko uwezo wa jeki yake.

Tahadhari katika karakana

1. Usiweke mkono au kidole kati ya boriti na meza. Mashine hii haina pupa, lakini haina huruma.
2. Usisimame mbele ya kitu kinachogandamizwa. Chaweza kuvunjika na kuruka. Fundi huvaa miwani ya kukinga macho.
3. Usitafute tundu la mafuta yanayovuja kwa kupapasa. Mafuta yenye kanieneo kubwa yakitoka katika tundu dogo yaweza kupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha mwiba, lakini ni cha hatari sana. Mtu aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali mara moja.
4. Watoto wasitumie mashine hii peke yao.

Kanieneo katika mlima wetu

Kilele cha Mawenzi kina urefu wa mita 5,149 juu ya usawa wa bahari, nacho cha Kibo kina mita 5,895. Maji ya mlimani hushuka katika miteremko kwa mito, kwa mifongo na kwa mabomba.

Maji yenye kina cha mita 10 hutoa kanieneo ya nyutoni 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Bomba lililofungwa likishuka mita 100, kanieneo chini yake hufika nyutoni 100 kwa kila sentimita ya mraba. Bomba dhaifu hupasuka. Kwa hiyo wahandisi wa maji hujenga matangi katikati ya mteremko. Maji hupumzika katika tangi lililo wazi, kisha huanza safari upya bila ile kanieneo ya juu. Mfongo hauhitaji tangi la namna hiyo, kwa sababu uko wazi njia nzima. Wazee waliochimba mifongo walijua kuyaongoza maji taratibu kandokando ya mteremko.

Kanuni ya Pascal hulinda pia maisha ya wasafiri. Katika magari madogo mengi, dereva akanyagapo pedeli ya breki, husukuma pistoni ndogo. Mafuta ya breki hupeleka kanieneo kwenye magurudumu yote. Gari linaposhuka kutoka Marangu au Kibosho, abiria wote hutegemea mafuta hayo. Ikiwa hewa imeingia katika mirija, pedeli huzama na breki hazishiki. Basi dereva mwema hukagua breki zake kabla ya kuteremka.

Mashine za kugandamiza na viwanda vidogo

Mwaka 1973 Tanzania ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, ili kuwasaidia wenye viwanda vidogo kwa mafunzo, zana na ushauri.

Si mashine zote za kugandamiza zinazotumia mafuta. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mjini Arusha mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Mashine hiyo hutumia mpini mrefu na pistoni nyembamba. Mpini mrefu huongeza kani, na eneo dogo la pistoni huongeza kanieneo, mpaka mbegu zitoe mafuta. Mashine za namna hiyo zilienea baadaye katika nchi nyingine za Afrika.

Muhtasari

1. Kanieneo ni kani inayobebwa na kila sehemu moja ya eneo.
2. Hewa hubanwa kwa urahisi, lakini vimiminika havibanwi kwa nguvu za mkono.
3. Kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua.
4. Pistoni ndogo na pistoni kubwa zikiunganishwa, kani ndogo hutoa kani kubwa, lakini mwendo hupungua.
5. Hewa ikiingia katika jeki au breki, mashine haifanyi kazi vizuri.

Maswali

1. Kwa nini fundi hakuigonga beringi kwa nyundo?
2. Sanduku lenye uzito wa nyutoni 600 limekaa juu ya eneo la sentimita za mraba 300. Kanieneo yake ni kiasi gani?
3. Pistoni ndogo ina sentimita za mraba 2, na pistoni kubwa ina sentimita za mraba 30. Ukisukuma pistoni ndogo kwa nyutoni 40, pistoni kubwa itatoa kani gani?
4. Katika swali la 3, pistoni kubwa ikipanda sentimita 1, pistoni ndogo itakuwa imesogea sentimita ngapi?
5. Eleza kazi ya valvu mbili za jeki. Nini kingetokea kama valvu ya pili isingejifunga?
6. Bomba la maji lililofungwa limeshuka mita 60 mlimani. Kadiria kanieneo chini yake.
7. Dereva anasema, "Pedeli ya breki ni laini, lakini mwendo ni mfupi, twendeni tu." Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Kazi ya nyumbani

Tembelea gereji au karakana iliyo karibu na nyumbani kwenu pamoja na mtu mzima. Msalimu fundi na umwombe akuonyeshe jeki ya mafuta. Tafuta maandishi yanayoonyesha inainua tani ngapi. Chora jeki hiyo katika daftari lako, andika majina ya sehemu zake, na uonyeshe kwa mishale njia ya mafuta kutoka tangini hadi chini ya pistoni kubwa.